Mkebe wa Nne

Ilianza na harufu ya siki.
Mama Swabra wa chini, hapa Kibokoni, alidhani natia achari,
akapanda ngazi na kibakuli mkononi.
Nikamwonyesha mikebe sita ya bati, kutu imeshika vifuniko,
na ndani filamu imejikunja kama maganda ya mdalasini,
yajigeuza siki yenyewe kwa yenyewe
tangu jumba la sinema lilipouzwa likawa ghala la simiti.
"Basi hii haiji na wali," akasema,
akashuka na kibakuli chake kitupu.

Kazi yenyewe haina hadithi.
Glovu za pamba. Kitambaa. Spiriti.
Picha ishirini na nne kwa kila sekunde,
na kila moja ina ukungu wake, au alama ya kidole
cha mtu aliyekula halua kabla ya kushika mkanda.
Siku moja nzima nilimsafisha mwanamke avuke barabara ya Makadara.
Asubuhi aliinua mguu;
adhana ya magharibi ikamkuta hajautua.

Mkebe wa pili una mkwaruzo
unaomkata bwana harusi toka kipajini hadi kwenye pindo la kanzu.
Kompyuta ingeufuta kabla chai haijapoa.
Mzee Taibali, aliyekuwa akiendesha mitambo, akanishika mkono.
"Huo niachie. Usiku ule niliupachika mkanda mbio mbio,
mke wangu yuko kwenye uchungu.
Kifungua mimba wangu ana umri wa mkwaruzo huo."
Nikaufifiza kidogo tu, ili nisimwongopee yeyote.

Lakini mkebe wa nne!
Picha ipo, sauti imeliwa.
Mwanamume amesimama mlangoni, sanduku mkononi,
anafungua kinywa, anasema neno moja, anatoka.
Karatasi za maneno zilifungiwa njugu zamani.

Nikawaita waliokuwa wakienda siku ya wanawake, kila Jumatano.
Wakaja wawili, magoti yakilalamikia ngazi.
"Kasema nitarudi," akasema Bi Shekue. "Nililia hapo mara tisa."
"Hata! Kasema sitarudi," akasema Bi Mwanakhamisi.
"Nami nilimtukana mara tisa hizo hizo, kiti cha nyuma yako,
ukageuka ukaniambia nifunge bakuli langu."
Hawakuangaliana tena hadi kahawa ikaisha.
Baadaye nikasikia kuwa mmoja wao mumewe alikwenda Maskati.
Sikuuliza ni yupi.

Nikakikuza kile kinywa hadi kikajaa ukuta.
Ni. Si.
Meno yale yale, midomo ile ile imeachana kidogo.
Ulimi ndio ujuao, na ulimi umo gizani.
Kwetu sisi kuja na kutokuja hutenganishwa na konsonanti moja,
na hiyo ndiyo siki iliyoichagua.

Kijana wa sauti akanong'ona: "Tutie lolote. Nani atajua?"
Nikawatazama wale wawili wakivaa viatu mlangoni,
mmoja akimshikia mwenzake mkoba.

Tuliionyesha Bondeni, kwenye ukuta wa shule uliopakwa chokaa wiki ile.
Mtu akafika mlangoni na sanduku lake.
Kinywa kikafunguka. Kimya.
"Nitarudi!" toka mabenchi ya kushoto.
"Sitarudi!" toka kulia,
na watoto waliozaliwa juzi nao wakachagua upande,
wakabishana hadi mkebe wa tano ukaanza bila kutazamwa.
Mzee Taibali peke yake alikuwa bado kwenye mkebe wa pili,
akimwonyesha mtu mzima aliyekaa kando yake
mahali ukutani ambapo mstari ulikuwa umepita.

Sasa mikebe imo kwenye jokofu. Juu ya wa nne nimeandika kwa penseli,
kwa atakayeufungua nami sipo:
*Hapa pana kimya. Usikijaze.*

Asubuhi Mama Swabra akabisha.
Kibakuli safari hii kimejaa, ndimu na pilipili, siki ya halali.
"Nilikaa nyuma, makelele matupu," akasema.
"Hebu niambie wewe.
Alisemaje?"